Yunia Kemuma, Aliyewaamsha Wagonjwa Watembee

Wapendwa waombolezaji, majirani wa hapa Chepilat, wenzetu mliofika kwa lori kutoka shamba la Kapsirwa, wageni wa Soin na Mogogosiek, na ninyi wachungaji wetu, familia imemchagua shemeji wa marehemu, Gichana Nyakundi, awasomee maneno haya, ambayo tuliyaandika jana mchana tukiwa watu saba kwenye meza moja, tukibishana juu ya tarehe na kucheka kuliko inavyofaa katika nyumba ya kilio, kwa hivyo msomaji akichekacheka mahali fulani mtamsamehe, kwa sababu wa kulaumiwa ni marehemu mwenyewe.

Yunia Kemuma alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 karibu na Mosocho, Kisii, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ondieki Bosire na Mama Elmina, ambaye tunaye hapa mbele yetu amevaa kitambaa cheupe, na kwa kuwa ndugu zake wawili walifariki wakiwa wachanga, Yunia alilelewa kama yai, akakatazwa kupanda miti, akakatazwa kucheza mtoni, na yote mawili akayafanya.

Aliingia shule ya misheni Januari 1943, akasoma hadi mwisho wa darasa la nne mwaka wa 1946, na mwalimu wake aliandika katika ripoti kwamba mtoto huyu anajua hesabu lakini anawasahihisha wakubwa, sifa ambayo wote tuliofanya kazi naye, tukaoa kwao au tukala kwake, tunaweza kuithibitisha. Mwaka wa 1947 Mzee Ondieki alipata kazi ya kuchuma chai katika shamba la Kapsirwa, Kericho, akahamia kambini na mkewe na binti yake, na hapo ndipo Yunia alipojifunza Kipsigis barabara, hata baadaye akawa anawagombeza wagonjwa kwa lugha tatu bila kupumzika katikati.

Mwezi wa Aprili 1951, akiwa na miaka kumi na saba, alishikwa na homa ya viungo, magoti yakavimba, na homa ilipokwisha ikawa imeacha alama yake moyoni, kwa maana vali moja iliharibika, na daktari wa wakati ule akamwambia alale kitandani miezi sita, asibebe maji, asipande kilima, asifikirie sana mambo ya kuolewa, na kwamba akijitunza vizuri huenda akafika miaka thelathini. Hayo ndiyo yalikuwa matibabu ya zamani, mwenye moyo alazwe, mwenye kifua alazwe, na Yunia alilala majuma matatu akitazama dari, juma la nne wakamkuta wodini ameshika ufagio, akaulizwa anafanya nini, akajibu, "Nikilala nasikia huu moyo inapiga vibaya, nikifagia nasahau." Alikaripiwa, akarudishwa kitandani, akaamka tena, wakachoka, na tarehe 1 Februari 1952 hospitali ya shamba ikamwandika kazi ya kufagia wodi, kwa kuwa tayari alikuwa akiifanya.

Tarehe 16 Desemba 1954 alifunga ndoa na ndugu yetu Mogaka Nyakundi, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani katika chumba cha kuchambulia chai kavu, mahali ambapo vumbi la chai huelea mchana kutwa na mtu hutoka na kope za kahawia, na Mogaka alikuwa amekwenda hospitali kutafuta dawa ya kikohozi, akarudi nyumbani na mchumba, kikohozi kikabaki palepale. Bwana aliwajalia watoto watatu, Nyanchama aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1956, Bosire aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 1960, na kitinda mimba Ondieki, aliyeitwa kwa jina la babu yake aliyetutoka mwaka wa 1958, na ambaye alizaliwa tarehe 9 Januari 1973 baada ya madaktari watatu kumwambia mama yake kwamba moyo ule hautaki mtoto mwingine.

Ilipofika tarehe 14 Machi 1964, siku aliyotimiza miaka thelathini, marehemu alikwenda kazini na sufuria kubwa ya chai ya maziwa, akawapa wagonjwa wa wodi nzima, akawaambia kwamba leo ndiyo siku aliyoahidiwa kufa na kwamba hataki kufa na deni la ukarimu, na jioni, alipoona hajafa, akaosha vikombe vyote akaenda nyumbani. Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, hospitali ilimpeleka Nairobi kwa miezi tisa kujifunza kazi ya fiziotherapia, yaani kuwarudishia watu nguvu za viungo na za pumzi, akarudi Juni 1965 akiwa na koti jeupe na ujuzi ambao watu wa kambini hawakuwa wamewahi kuuona. Alijua kumlaza mgonjwa kifudifudi kichwa kikiwa chini kuliko kiuno, akampigapiga mgongo kwa viganja vilivyokunjwa hadi makohozi ya mwezi mzima yakatoka, na alijua kumfundisha mwenye kifua kuvuta pumzi kwa pua kisha kuitoa polepole midomo ikiwa imebanwa kidogo, jambo ambalo wengine huko Nairobi walilieleza kwa picha na vitabu, lakini yeye alilieleza kwa maneno manne tu, "Toa kama unapoza chai," na katika nchi hii ya Kericho na Bomet hakuna aliyehitaji kuelezwa mara ya pili.

Mwaka wa 1969 Mogaka na mkewe walipata shamba hili la hapa Chepilat, wakapanda chai yao wenyewe na mahindi, wakafuga ng'ombe wawili, ingawa kwa sababu ya kazi waliendelea kuishi katika nyumba ya wafanyakazi wa hospitali huko Kapsirwa, na Mama Elmina akaendelea kuishi katika nyumba yake ya kambini, kwa sababu baada ya kufiwa na mumewe alikuwa amepewa kazi nyepesi ya kujaza udongo kwenye mifuko ya miche kitaluni. Hapa tunawaomba wageni wasio Wagusii watusikilize vizuri, kwa maana jambo kubwa la maisha ya marehemu linakaa mahali hapa. Kwetu sisi mama mkwe na mkwewe wana heshima kati yao, tunaiita chinsoni, hawashikani mikono, hawapishani karibu, hawatazamani usoni, na mama mkwe hawezi kulala katika nyumba ya mkwewe, kwa hivyo Mama Elmina akikosa ile nyumba ya kambini asingeweza kuhamia kwa binti yake, ingembidi arudi Mosocho, ambako hakuna aliyebaki wa kumtunza, tena akiwa na kifua kilichoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka arobaini.

Mwezi wa Julai 1972 alifika hospitalini Daktari Johana Kipkosgei, kijana wa Bomet aliyekuwa amemaliza masomo juzijuzi, akaja na furushi la majarida ya madaktari, na majarida hayo yalikuwa yakisema kwamba utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba wenye moyo na wenye kifua wakitembezwa kwa mpango hupona vizuri kuliko wakilazwa, na Yunia aliposomewa hayo alicheka hadi akashika ukuta, akasema, "Daktari, hiyo mimi nilijua na ufagio mwaka wa hamsini na moja." Wakaanza kufanya kazi pamoja, na daktari akataka kupima sawasawa, wagonjwa ishirini na wanne, kila mmoja atembee kwa dakika kumi na mbili awezavyo, akichoka apumzike asimame aendelee, na yadi alizotembea ziandikwe, kisha baada ya miezi sita ya mazoezi apimwe tena ionekane kama pumzi imeongezeka. Mahali pa kupimia palikuwa veranda ya hospitali, yenye urefu wa yadi thelathini, na ili kuokoa muda wakawa wanatembea wawiliwawili.

Kwa bahati mbaya kipimo cha kwanza kilifanywa Februari 1973, marehemu akiwa nyumbani ananyonyesha, na aliyeshika saa alikuwa mfunga vidonda, dresa Kipchirchir, aliyehamishiwa Kapsirwa mwezi huohuo kutoka Soin, mtu mwaminifu ambaye yuko hapa na ameturuhusu tuyaseme haya, ambaye hakumjua mtu yeyote na alikuwa na orodha ya namba za kazi tu bila majina. Tena meneja wa shamba, aliposikia kuna karatasi inayoonyesha nani ana pumzi na nani hana, akaiomba, akaamua kwamba yeyote aliyeshindwa kufika yadi mia tano atahesabiwa hafai kazi, na nyumba yake ipewe mwingine ifikapo tarehe 31 Machi, jambo ambalo daktari hakulikusudia na lilimkosesha raha, lakini karatasi ilikuwa imekwisha toka mkononi mwake.

Jumatatu tarehe 12 Machi marehemu alirudi kazini, akaifungua orodha, akakuta namba ya mama yake imeandikwa yadi mia moja na themanini, na mstari unaofuata, namba ya mume wake, yadi mia mbili na kumi, wote wawili wamewekewa alama nyekundu, na yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba moyo wake ulipiga yale mapigo mabaya ya zamani ikabidi aketi juu ya ndoo. Mogaka alikohoa, ndiyo, lakini alikuwa akipanda kilima cha kiwandani kila asubuhi, na Mama Elmina alitembea kutoka kitaluni hadi kambini akiwa na kuni kichwani, na hapo Yunia akamwuliza Kipchirchir jinsi walivyotembea, naye akamweleza bila kujua anaeleza nini, "Huyu mama alitembea kidogo halafu anarudi, kila saa anarudi tu, na huyu mzee naye anasimama anaangalia ukuta, nikamwambia tembea, anasema ngoja kwanza, mimi niliandika vile niliona." Ndipo Yunia akaelewa kila kitu, kwamba mama yake na mume wake walikuwa wamepangwa kwenye veranda moja, kwa dakika kumi na mbili, na kila Mama Elmina alipomwona mkwewe akija aligeuka akarudi alikotoka, na kila Mogaka alipoona mama mkwe hana pa kugeukia alitazama ukuta hadi apite, na wote wawili wakaona heri waandikwe wagonjwa kuliko kumweleza mtu mgeni kwamba wanaoneana haya. Kipchirchir alipoambiwa ni nani na nani alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Uui, hata kwetu haiwezekani! Sasa mimi ningejuaje, hapa iko namba tu?"

Mnaweza kufikiri kwamba jambo lilikuwa limekwisha hapo, lakini ndipo lilipoanza, kwa sababu Yunia alipokwenda kwa daktari, daktari alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Yunia, mimi nakuamini, lakini huyu ni mama yako na huyu ni bwana yako, nikifuta hizo namba watu ishirini na wawili watasema nini?" Marehemu hakukasirika, au alikasirika kidogo tu, akasema hataki namba ifutwe kwa ajili ya neno lake, anataka wapimwe tena hadharani, mmoja mmoja, kwenye njia ya chai kutoka lango la hospitali hadi kibanda cha kupimia majani, daktari mwenyewe ashike saa, na yeye Yunia akae mbali asiseme lolote, na kama mama yake hatafika yadi mia tano, basi atamfungia mizigo mwenyewe na kumpeleka Mosocho. Walio karibu naye siku hizo wanasema hakula vizuri hadi siku ile ilipofika, kwa maana alijua njia ile ina kilima, na alijua kifua cha mama yake kuliko mtu yeyote.

Alhamisi tarehe 22 Machi 1973, saa tatu asubuhi, Mogaka alipelekwa kiwandani akakaa ndani mlango ukiwa umefungwa, na Mama Elmina, aliyekuwa na miaka hamsini na tisa, akasimama langoni amejifunga leso kiunoni, Daktari Kipkosgei akabonyeza saa, naye akaanza kutembea. Wachumaji walikuwa pande zote mbili za njia, na walipoona ni nini kinachofanyika waliacha kuchuma, nyapara akapiga kelele mara mbili kisha na yeye akaacha, wakatazama. Mama alikwenda polepole, kwenye kilima akasimama, akainama akashika magoti, na Yunia alikuwa langoni ameziba mdomo kwa mkono ili atimize ahadi yake ya kunyamaza, lakini hakuwa amewakataza wengine, na mwanamke mmoja wa Kipsigis, Chemutai, mwenye kikapu kimejaa mgongoni, akaita kutoka katikati ya chai, "Mama, poza chai! Poza chai!" na safu nzima ikaitikia, wanawake arobaini wakibana midomo na kupuliza pamoja naye, Mama akainuka, akatembea, akasimama tena, wakapuliza tena, na dakika kumi na mbili zilipokwisha alikuwa amepita kibanda cha kupimia majani akarudi nusu ya njia, yadi mia sita na arobaini, na Daktari Kipkosgei akazipima mara mbili kwa kamba, asiwepo wa kubisha. Mogaka alitolewa kiwandani baada ya mama mkwe kuondoka, akatembea yadi mia sita na kumi, na kwa heshima ile tuliyoitaja hakuambiwa yadi za mama mkwe wake, ila mke wake aliziimba jikoni juma zima akijifanya anaimba wimbo wa kanisa.

Daktari alifuta orodha yote, akawapima upya wagonjwa wote ishirini na wanne mmoja mmoja, wengine sita wakapatikana waliokuwa wamesimama kuwasalimu wakubwa wao au kuwakwepa wakwe zao, na meneja, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alikubali kwamba karatasi ile isitumiwe tena kumtoa mtu nyumbani. Miezi sita ya mazoezi ilipokwisha, Septemba 1973, ishirini na mmoja kati yao walikuwa wameongeza yadi, na Novemba 1974 daktari aliisoma kazi hiyo katika mkutano wa madaktari Nairobi, ambapo kulikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba kabla ya kumtembeza mgonjwa aulizwe ni nani hawezi kutembea naye, na kwamba jambo hilo lilitambuliwa na Bibi Yunia Kemuma, madaktari wakacheka, kisha mmoja wa kutoka sehemu nyingine ya nchi akasimama akasema polepole kwamba anadhani itambidi arudi kwao akapime tena.

Kuanzia hapo hadi mwaka jana, kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, marehemu aliwatembeza wenye kifua na wenye moyo katika njia ya chai, wanawake kwanza, wanaume baadaye, akaitwa Mogogosiek akafundisha, akaitwa Soin akafundisha, na hapa Chepilat siku za soko alikuwa akimsimamisha mtu anayekohoa mbele ya mizani ya ndizi, amshike mgongo, amwulize habari za sigara, na wa kwanza kuulizwa habari hizo alikuwa msomaji wa karatasi hii, ambaye aliacha kuvuta tarehe 2 Januari 1975, akaanza tena tarehe 5, akaacha kabisa alipoona shemeji anakuja na saa.

Moyo wake ulianza kumchosha Agosti 1977, miguu ikavimba, akapelekwa Nairobi, ambako madaktari walisema vali imeziba sana na kwamba wanashangaa mwenye vali kama hiyo amezaa watoto watatu na kuishi hadi sasa, akawaambia kwamba alikuwa na shughuli. Alirudi Kapsirwa, akafanya kazi za kukaa, akaingia hospitali ya Kericho tarehe 17 Julai mwaka huu, na kila asubuhi alitembea kutoka kitandani hadi dirishani, mwisho akawa anatembea hadi kwenye kiti tu, akitabasamu, na Jumapili tarehe 6 Agosti 1978, saa mbili asubuhi, akiwa ameketi na si amelala, akiwa ameshikwa mkono na mumewe na kitinda mimba wake akiwa miguuni, alitutoka, akiwa na miaka arobaini na minne, kumi na minne zaidi ya aliyopewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kericho na wa Nairobi, Daktari Kipkosgei aliyekuja na gari lake kila Jumatano, dresa Kipchirchir, Chemutai na wachumaji wote wa Kapsirwa mliokuja na nyimbo, wafanyakazi wenzake wa hospitali, makanisa yetu, na ninyi majirani wa Chepilat, Wakipsigis na Wagusii, mliochota maji, mliokata kuni na mliopika tangu Jumatatu bila kuulizwa.

Jambo lililobaki ni la njia. Kutoka uwanja huu hadi kaburini ni kilima, na vijana wamemletea Mama Elmina kiti ili wambebe, naye amekataa, amesema, "Huyo mtoto alinikataza kubebwa." Kwa hivyo atatembea, na atasimama mara tatu au nne, na familia inaomba kwamba akisimama sote tusimame, jeneza nalo lisimame, mtu yeyote asimshike mkono wala kumharakisha, tutafika tutakapofika.

Yunia, dada yetu, miaka ishirini na sita uliwakataza watu kulala. Sasa lala wewe, na Mungu akupe amani yake. Mama yako anakusindikiza, polepole, kwa miguu yake mwenyewe.